Siku Tulipokwenda Kunywa Mto

Harufu ilitufikia kabla hatujauona mto. Sijui kama nitaweza kuieleza, lakini ngoja nijaribu. Chukua kuku aliyekufa, mtie ndani ya gambuti la mchimbaji, lianike juani wiki nzima, kisha mwombe kuku radhi, maana bado yeye ana nafuu. Mbuzi wa jirani aliyetutangulia njiani aligeuka akarudi kwao, na mbuzi ni mnyama anayekula mifuko ya nailoni akaomba nyongeza. Mimi niliziba pua kwa kola ya shati. Baba mkubwa, aliyekuwa mbele yangu, hakuziba kitu. Yeye alikuwa anakwenda kuyanywa maji yale, na hakutaka mtu aseme alianza kuyakimbia tangu njiani.

Wanaoujua Mto Mara kwa mbali wanaujua kwa kalenda: nyumbu wanaruka, mamba wanangoja, mzungu ana kamera. Sisi tunaishi chini ya kalenda. Nyumbu akizama kule juu, anafika kwetu akiwa amebadilika. Hata hivyo zamani hakuna aliyelalamika, kwa sababu mto ulikuwa na nguvu ya kumeza mizoga yake wenyewe na kubaki msafi. Bibi yetu alikuwa akisema mababu walipotoka kaskazini walikuta maji yamejaa, wakakaa ukingoni wakila panya mpaka mto ulipoamua wenyewe kupungua na kuwapisha. Habari hiyo mimi naiamini kwa sababu ya panya. Mtu akitunga hadithi ya ukoo wake hujipa nyama ya maana. Ndugu wawili kati yao wakagawana nchi, mmoja akavuka upande wa Serengeti, mmoja akabaki huku Tarime. Tangu hapo mto ukawa mpaka, na ukawa shahidi pia, kwa kuwa ndio peke yake uliowajua wote wawili.

Mwanaume aliyeua mtu vitani hakushika watoto wake mpaka aoge pale kivukoni. Bibi harusi anayeolewa ng'ambo alidondosha shanga moja majini, ili mto umtambue siku atakayorudi analia. Ng'ombe akizaa, maziwa ya kwanza yalipelekwa kidogo yakamwagwa. Hata mimi nilibatizwa pale pale, na mchungaji alinizamisha muda mrefu mpaka nikaanza kuzoeana na samaki.

Na juu ya yote hayo palikuwa na kiapo. Kwetu mtu akitaka kuaminiwa haapi kwa mama yake. Anasema, "Nitakunywa mto." Mara nyingi inaishia hapo, kama vile mtu anayesema atakupiga huku anarudi nyuma. Lakini likitokea jambo zito, wazee wa ritongo, kile kikao cha ukoo, wanawapeleka kivukoni mshtaki na mshtakiwa, wanachota maji kwa kibuyu kimoja, wote wawili wanakunywa. Halafu watu wanangoja mwezi mpya uandame. Aliyesema uongo, tumbo lake litasema. Litavimba, au litafunguka, na mto utakuwa umehukumu.

Sasa nikuambie mto wenyewe umekuwaje. Wapo wanaosema uchafu unatoka huku, wapo wanaosema unatoka kule, na mimi si mpima maji. Nasema nilichokiona kwa macho haya. Niliona vijana wa bodaboda wameingiza pikipiki majini hadi kwenye tanki wanazisugua kwa sabuni ya unga, oili inatambaa juu ya maji kama upinde wa mvua uliolaaniwa. Niliona nepi za watoto zimenasa kwenye matete, zimevimba, nyingi kuliko watoto wote wa Mkoa wa Mara. Niliona mama wa heshima, mwimba kwaya, anamwaga ndoo aliyofunika kwa kanga, halafu anachota maji hatua chache kutoka hapo. Na niliona bucha.

Mwenye bucha ndiye aliyemshtaki baba mkubwa. Alikuwa jirani yetu, ana machinjio yake ukingoni, juu kidogo ya kivuko, na nyama yake ilikuwa inakwenda mpaka Nyamongo kwa wachimbaji wa dhahabu. Damu, nyongo, vinyesi vya matumboni, vyote vilipitia mfereji mmoja kwenda mtoni. Usafi wa ndani ya bucha lake ulisifiwa na kila mtu, na sababu ni hiyo.

Ng'ombe wake wakaibwa. Alizunguka kijiji kizima akilia, "Hawakuniachia hata ndama." Nyayo zilipita kwenye shamba la baba mkubwa, zikatokea kivukoni, zikaishia majini. Siku ya tatu akasema alimwona baba mkubwa kwa macho yake akiwafungulia wezi njia kwenye ua wa miiba.

Lazima nimweleze baba mkubwa, maana ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, na ndiye aliyenisukuma kwenye masomo ya jioni mpaka nikamaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, mkubwa kuliko mwalimu wa hesabu. Katika wilaya mbili, Tarime na Serengeti, hajazaliwa mtu mwenye kinyaa kama yeye. Kikombe chake kilining'inia peke yake ukutani, kimevalishwa kitambaa kama bwana harusi. Harusini hakula. Misibani alikuja na maji yake. Maziwa hakunywa mpaka amwone anayekamua akinawa, na wakati mwingine alitaka hata ng'ombe anawe. Mtu wa namna hiyo aibe ng'ombe wa bucha? Asingewagusa kwa kuogopa kupe.

Lakini ukoo hauamui kwa kupe. Akionekana ana hatia, atatengwa, na kutengwa kwetu ni kufa huku unakula. Hakuna wa kukusalimia. Hakuna wa kuomba moto kwako wala kukupa. Ukiugua, mlango wako haugongwi. Ukifa, wanao wanachimba wenyewe. Tayari jirani yetu mmoja, mama mjane aliyekuja kuomba moto kila asubuhi tangu nikiwa mdogo, alikuwa amenunua kiberiti.

Baba mkubwa alikuwa pia mzee wa kanisa. Siku ya ibada alisema mto ni maji tu kama maji mengine. Siku nyingine zote alisema hakuna mjinga kama anayesema mto ni maji tu. Walipomuuliza kama atakunywa, alijibu pale pale, "Nitakunywa."

Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nilimfuata zizini nikamweleza habari za bakteria, kama nilivyofundishwa kwa taa ya solar.

"Baba, ule mto hauhukumu tena. Anayesema kweli ataharisha na anayesema uongo ataharisha."

"Hao bakteria wako wanajua nani kaiba?"

"Hawajui."

"Basi wakae kimya, wenye kujua waseme."

Nikawaendea wazee. Nikawaomba kwa adabu zote, shikamoo zimejaa mdomo, kwamba maji yachemshwe kwanza. Mzee mmoja mwenye jicho moja bovu alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Mura, kijana wangu," akaniambia, "shahidi unamchemsha kabla hajasema, atasema nini tena?"

Ndivyo tulivyofika kivukoni siku ile ya harufu. Kibuyu kilipozama na kutoka, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyolala, na juu yake utando unaong'aa. Mwenye bucha alipewa kwanza kwa kuwa ndiye mshtaki. Alifumba macho akameza haraka haraka kama anameza dawa ya minyoo. Halafu kibuyu kile kile, palepale alipoweka midomo yake yenye ugoro, akapewa baba mkubwa. Niliona mkono wake ukitaka kufuta ukingo wa kibuyu, ukaenda, ukasita, ukarudi. Akifuta, watasema anapaka dawa ya kuvunja kiapo. Akanywa hivyo hivyo. Bila kufumba macho. Kitu kidogo chenye unyuzi kilibaki kwenye masharubu, akakiondoa kwa vidole viwili, akakirudisha mtoni kwa heshima.

Tumbo lake lilianza kabla ya jua kuzama.

Sitaki kueleza yote, lakini msomaji amekuja mpaka hapa, mwenyewe kajitakia. Choo chetu kiko kando ya njia kuu ya kwenda kisimani. Akionekana anaingia mara kwa mara, kesi imekwisha. Kwa hiyo nikawa naye mchana kutwa, tunakwenda kwenye mahindi kukagua wadudu. Hakujawahi kuwa na mahindi yaliyokaguliwa hivyo tangu mahindi yaletwe Afrika. Watu wakipita tulisimama pamoja katikati ya mistari, mimi nimeinua jani naliangalia kwa makini, yeye amenyooka kama mlingoti, jasho linamtiririka, anawaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeshika mlango usifunguke. Mtu huyu, ambaye kinyesi cha kuku uani kilimnyima hamu ya kula, sasa nilimwosha mimi, nikazifua suruali zake kwa siri kwenye beseni la kulishia nguruwe, na kila nilipomaliza alifumba macho asinione. Nilikuwa natapika nyuma ya banda, nanawa, narudi natabasamu. Sina la kujisifia hapo. Niliona kinyaa kikubwa, na kinyaa hakina huruma hata kwa aliyekulea.

Dawa sikuthubutu kununua kijijini. Nikapanda bodaboda mpaka Nyamongo, kwenye duka la dawa lililojaa wachimbaji wenye vumbi, kila mmoja na kikohozi chake. Mbele yangu kulikuwa na mama aliyejitanda kanga mpaka puani. Alipogeuka, macho yakanitosha: mke wa mwenye bucha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini huku kote?"

"Dawa ya ndama. Anaharisha."

Akaikaza kanga yake. "Hata mimi. Ndama."

Muuzaji, binti mchangamfu mwenye kalamu kwenye nywele, alitutazama mmoja mmoja. "Hii ni dawa ya binadamu, jamani. Hao ndama wenu wanavaa viatu namba ngapi?"

Wachimbaji wakacheka. Sisi wawili hatukucheka. Tulichukua pakiti zinazofanana, chumvi za kuchanganya na maji zinazofanana, tukatoka kila mtu na njia yake bila kuagana.

Mwezi ulipoandama, ritongo likakaa pale pale kivukoni, watu wameziba pua kwa kanga na kofia. Kabla ya kuja mbele ya wazee tulikuwa tumeshakubaliana nyumbani: baba mkubwa ataulizwa tumbo lilikuwaje, atajibu lilikuwa salama, basi. Mwenye bucha aliulizwa kwanza. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, lakini alijipiga kifua.

"Mimi nipo kama chuma. Nimekula, nimelala. Mto umeniona nasema kweli."

Wazee wakamgeukia baba mkubwa. Nikamkazia macho. Akakohoa.

"Mimi niliharisha," akasema. "Niliharisha mpaka nikasahau jina la babu yangu."

Mguno ukapita kwenye umati. Mke wa mwenye bucha akainama. Nyuma yangu mtu akasema, "Kashajimaliza mwenyewe." Mimi nilitaka kumvuta koti, lakini yeye akaendelea, kwa upole, kama anatoa tangazo kanisani, "Sikuja kunywa mto ili niudanganye. Ng'ombe sikuwaona. Tumbo liliniuma. Yote mawili ni kweli, mtaamua wenyewe."

Na wangeamua. Niliona tayari wanawake wanasogeza watoto mbali naye. Kinyaa nilichokipata wakati ule kilikuwa kingine kabisa. Harufu ya mto ilikuwa manukato. Mtu mmoja amesema uongo akiwa ameshikilia suruali kwa kamba, na watu wazima wanamtazama kwa heshima. Nikasimama. Kijana hazungumzi ritongo mpaka aulizwe, lakini nilikuwa nimeshazungumza.

"Wazee wangu, shikamooni. Mwulizeni huyu, mke wake alifuata dawa ya nani Nyamongo. Nilikuwa naye dukani."

Mwenye bucha hakuchelewa. "Ilikuwa ya ndama."

Halafu yule mzee mwenye jicho bovu akainua fimbo taratibu. "Ndama yupi? Wewe si ulisema hawakukuachia hata ndama?"

Watu walicheka kicheko ambacho nadhani kilisikika Mugumu. Wengine walilazimika kuondoa kanga puani ili wacheke vizuri, wakajuta. Mwenye bucha akaishika kamba ya suruali yake. Mke wake alikuwa anaangalia ng'ambo ya mto kana kwamba hajawahi kumwona mwanaume huyo.

Lakini kicheko si hukumu. Wazee wakaanza kubishana. Mmoja alisema ikiwa mto umewapiga wote, basi wote waongo. Mwingine akasema labda waliiba pamoja. Wa tatu akasema mto umezeeka, unachanganya majina. Niliwasikiliza nikaona hakuna hata mmoja anayetaka kusema lile lililokuwa puani pa kila mtu. Mwisho mwenye jicho bovu akapiga fimbo chini. "Wanywe tena. Sasa hivi, tukiwaona, na wakae hapa hapa."

Baba mkubwa akaanza kushuka ukingoni kabla mzee hajamaliza. Alishuka amenyooka, viatu vyake vilivyopigwa rangi vinazama kwenye tope lenye nepi. Mwenye bucha alibaki amesimama.

"Njoo, baba," wakamwita. "Mshtaki ndiye anayeanza."

Akatazama mfereji wake kule juu. Akatazama maji. Palikuwa na kitu kama povu la waridi linashuka polepole kuelekea kivukoni.

"Leo siwezi," akasema.

"Huwezi kwa nini?"

"Jana ilikuwa mnada. Tumechinja wengi."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayekuonya usikalie kiti kibovu. Safari hii hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa amechota maji asubuhi ile. Niliona yule mama wa kwaya akishika koo lake, akimeza mate, halafu akitamani asingemeza.

Mzee alisema kanuni kama ilivyo: mshtaki akikataa kunywa, shtaka limekufa. Baba mkubwa hana neno. Mwenye bucha atalipa ukoo dume la kuombea radhi, na hapo mtu mmoja akanong'ona, "Si la kutoka kwenye friji." Watu wakaanza kuinuka wakikung'uta nguo. Nikashusha pumzi, nikajuta kuivuta ya kufuatia.

Lakini baba mkubwa alikuwa bado majini, amekwisha kuzamisha kibuyu.

"Weka chini," mzee akamwambia. "Imekwisha."

"Haijaisha."

"Mwenzako amekataa."

"Huyu amekataa uchafu wake. Kiapo hakukikataa. Mto haujasema kitu." Alikuwa hapazi sauti. "Nikirudi nyumbani hivi, kesho mtasema nilipona kwa sababu bucha lilikuwa na kazi nyingi."

"Baba," nikamwita, "tafadhali."

Hakunitazama. Aliinua kibuyu kwa mikono miwili. Yale maji sasa hayakuwa na rangi ya chai. Utando wa mafuta ulikuwa umeganda kwenye ukingo, na ndani kulikuwa na vipande vidogo vya kijani, yale majani ambayo ng'ombe hajamaliza kuyatafuna. Alikunywa yote. Tulisikia kila funda likishuka, kundi zima la watu wenye pua zilizozibwa. Alipomaliza alikigeuza kibuyu chini juu ili waone hakuna kilichobaki.

Mimi nilitapika, na viatu vya mzee mwenye jicho bovu vilikuwa karibu.

Niseme tu kwamba siku ya pili yake pikipiki zilikuwa majini kama kawaida, na mfereji wa bucha ulitiririka kama kawaida. Yule mama wa kwaya alibadilisha mahali pa kuchota, akasogea juu, akaacha mahali pa kumwaga pale pale. Watu wetu wakiona kinyaa wanasogea kidogo tu.

Baba mkubwa aliugua vibaya kuliko mara ya kwanza. Safari hii hatukukagua mahindi. Alilala sebuleni mlango wazi, ndoo kando ya kitanda, na chumba kilinuka hivi kwamba hata nzi walikuja wawili wawili ili wapeane moyo. Alinifukuza kila mara, "Toka, mura, usinione." Nikatoka nikakaa mlangoni.

Hapo ndipo yule mjane wa jirani alipoingia uani na kijinga chake mkononi, kapita mbele yangu, kachukua moto jikoni kwetu bila kuomba, kama zamani. Kisha badala ya kurudi kwake akaingia ndani. Nilimsikia akisogeza kigoda.

"Unanuka, mzee," akamwambia.

"Najua."

"Unanuka sana. Sijawahi kunusa kitu kama hiki."

"Basi nenda."

Hakwenda. Alijitanda kanga puani, akaanza kumkorogea uji, na baadaye wakaja wengine, wakabanana mle ndani, wanalalamikia harufu kwa zamu, hakuna anayetoka.